Tiba Isingoje Toba

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Nyasubi, Kahama)



Homa ya ini aina ya C huenezwa kwa damu. Kwa kijana anayejidunga heroini, njia yake kuu ni sindano ipitayo mkono hadi mkono. Virusi hukaa kimya mwilini miaka mingi, huku ini likisinyaa na kuwa gumu, hata kupatwa na saratani. Chanjo haijapatikana hadi leo. Lakini tiba ipo: vidonge vya kumeza kila siku, kwa kawaida wiki 12, ambavyo huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100.

Kwa nini basi watu wafe kwa ugonjwa unaopona? Kwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 242,000. Kwa anayejidunga, kikwazo cha kwanza ni sisi wenyewe. Akifika dirishani na kuambiwa, "Acha kwanza dawa za kulevya, ndipo uje," harudi tena. Virusi anabaki navyo, na sindano anaendelea kuchangia na wenzake. Kumtibu huyo mmoja ni kuwakinga wengi.

Mahali pa kuanzia tunapo. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na huduma hiyo imekwisha kufika hata Mwanza, jirani zetu. Mgonjwa huja kila siku, akanywa dozi yake mbele ya mhudumu. Basi kipimo cha damu na vidonge vya ini vitolewe papo hapo, asitumwe hospitali nyingine kwa nauli asiyokuwa nayo. Tena apate sindano safi, maana aliyepona aweza kuambukizwa upya.

Malori yapitayo hapa Kahama kutoka Isaka huelekea Rwanda. Nchi hiyo, isiyotuzidi utajiri, ilitangaza mwaka 2018 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu, ikawapima raia wake kwa mamilioni.

Ndugu zangu, hakuna anayeisifu heroini hapa. Muuzaji na akabiliwe na sheria. Lakini mwalimu anayemwona mwanafunzi wake wa zamani amedhoofika kwa sindano, ampeleke kupimwa kabla ya kumnyoshea kidole. Na mtumishi anayepanga bajeti ya dawa ajiulize: vidonge vya ini vimo?