Kompyuta Tumenunua, Mwalimu wa Hisabati Je?

Hotuba ya Mweka Hazina kwa niaba ya Kamati ya Elimu, mkutano wa mwaka, Dar es Salaam



Tumepewa dakika chache tueleze fedha za vijana wetu wanaosoma sayansi ya kompyuta chuo kikuu zimefanya kazi gani. Wahasibu hatujazoea kuhutubia, mtatuvumilia.

Swali tunaloulizwa sana nyumbani Upareni ni hili: "Huyo mtoto akimaliza atakuwa fundi wa kompyuta?" Mzee wetu mmoja alitupigia simu kuwa printa ya ofisi ya kata imegoma, tumtume kijana. Hapana, baba. Digrii hii ya miaka mitatu haihusu bisibisi. Inamfundisha mtu kupanga utatuzi wa jambo hatua kwa hatua, mpaka mashine isiyo na akili iweze kuufuata bila kukosea.

Chukueni daftari letu la michango. Tuseme lina majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Ukimtafuta mtu kwa kupekua jina moja moja, unaweza kusoma yote 1,000. Ukifungua katikati, ukatupa nusu asiyokuwamo, ukagawa tena nusu iliyobaki, hutazidi mara 10. Daftari ni lile lile, tofauti ni njia. Vijana wetu wanasoma njia za namna hiyo, na kuthibitisha kwa hisabati kwamba ni mara 10 kweli.

Sasa tuseme tulipokosea, maana fedha ni zenu. Binti yetu mmoja aliingia chuo akiwa na alama nzuri za Hisabati. Mkopo wa Bodi na nyongeza yetu vikatosha ada na chakula. Alipoomba kompyuta mpakato, sisi wa kamati tuliandika "anasa" pembeni ya ombi lake. Muhula mzima aliandika programu kwa kalamu kwenye daftari, kisha akapanga foleni ya maabara kuzijaribu, mara nyingi chumba kikifungwa zamu yake haijafika. Akapata sapu ya somo la programu. Alifaulu sapu hiyo na leo yuko mwaka wa tatu, lakini lile neno "anasa" bado limo kwenye faili letu, kwa mwandiko wetu.

Kijana mwingine alikuwa na mashine nzuri, zawadi ya mjomba wake. Yeye alikwama kwenye hisabati. Mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta umejaa mantiki, seti, kalkulasi na aljebra, na yeye tangu kidato cha kwanza hadi cha nne alikaa na mwalimu wa Hisabati kwa mwaka mmoja na kitu. Alidisko. Si mvivu huyo. Tumemwona akisoma usiku hadi macho mekundu.

Tukakumbuka na zile kompyuta 10 tulizochangia shule moja ya nyumbani. Desemba tulizikuta zimefunikwa vitambaa vizuri vya kufuma, safi kabisa. Hakuna wa kuzifundishia.

Jambo hili si geni nchini. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mahesabu yaliyopitishwa humo yakaja kuvurugika, na waliouelewa mfumo wengi walikuwa wageni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sisi tulioanza uhasibu baadaye tulikuta bado kuna wakubwa zetu wasioamini jumla ya mashine mpaka waijumlishe tena kwa kalamu. Hatuwalaumu sana.

Kwa hiyo mwaka huu hatuombi maabara nyingine. Tunajua ukarimu hupenda kitu cha kupigia picha, na mwalimu wa kujitolea hapigwi utepe. Lakini mlango mkuu wa digrii hii ni Hisabati, na mtoto aliyefeli Hisabati kidato cha nne, kama wanavyofeli wengi nchini mwaka hadi mwaka, hata PCM au EGM haisogelei.

Bajeti ni hii. Posho ya mwalimu mmoja wa Hisabati, shilingi 400,000 kwa mwezi, kwa miezi 12: shilingi 4,800,000. Kompyuta mpakato tatu zilizotumika lakini nzima, kwa wanaoanza chuo, kila moja shilingi 650,000: shilingi 1,950,000. Jumla shilingi 6,750,000. Kompyuta zitabaki mali ya chama, mhitimu atamwachia anayemfuata. Mwalimu atasaini daftari la mahudhurio, na nakala yake itasomwa hapa kila robo mwaka.

Wazazi wetu walijenga madarasa yale kwa msaragambo, wakibeba mawe na mchanga kichwani kupanda mlima. Hatukubeba sisi, tulisomea ndani yake.

Fomu za ahadi ziko mlangoni kwa akina mama wa mapokezi. Anayesubiri kuuza tangawizi aandike mwezi atakaolipa, tutamngoja. Stakabadhi itolewe kwa kila mchango, hata wa shilingi 1,000, na asiyepewa atuone sisi kabla hajatoka.