Wimbo wa Lameki

Leo tufikiri pamoja juu ya neno dogo tunalolisema nyumbani mwetu.

Mtoto wetu arudi kutoka shuleni akilia. Amepigwa na mwenzake. Nasi, hata kabla ya kumfuta machozi, twamwambia: "Na wewe ulikuwa ukitazama tu? Ukipigwa, piga!" Twadhani tumemfundisha ujasiri. Kumbe tumempa imani, na imani hiyo ataishika.

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Marekani, Huesmann na Guerra, walieleza uchunguzi wao juu ya watoto wa shule za msingi katika mitaa ya maskini mijini. Waliwapima watoto hao mara mbili, mwaka mmoja kati: wanaonaje juu ya kupiga, na mwenendo wao ukoje. Kwa wadogo tendo lilitangulia: aliyezoea ugomvi ndiye baadaye aliyeona kwamba ugomvi ni haki. Kwa wakubwa mambo yaligeuka: aliyesadiki kwamba ni haki ndiye aliyezidi kuutenda.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Tusome Mwanzo sura ya 4. Kaini alimwua ndugu yake kwa hasira, na Bwana alipomwuliza, alijaribu kuficha, alijua amekosa. Lakini Lameki, wa uzao wake, aliua mtu kwa sababu ya jeraha tu, wala hakuficha. Aliwaita wake zake, Ada na Sila, akajisifu mbele yao, akidai kisasi mara sabini na saba. Aibu ya Kaini imekuwa fahari ya mzao wake. Na katika nyumba ile walikuwamo watoto.

Petro alipomwuliza Bwana Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi, alijibiwa kwa hesabu ya saba mara sabini. Hesabu ambayo Lameki aliifanya ya kisasi, Bwana aliifanya ya msamaha.

Wapenzi, tusimdharau mtoto aliyeonewa. Tumsikilize, twende kwa mwalimu wake, tumtetee. Lakini tusimfundishe kwamba ngumi ni haki. Samaki mkunje angali mbichi. Jioni hii akija na machozi yake, atasikia wimbo wa nani kinywani mwetu?

Bwana atusaidie sote. Amina.