Hotuba ya Mwenyekiti: Mkono Unaochora Nao Uweke Akiba



Leo tunatimiza miaka kumi. Namshukuru Mungu, na nawashukuru wanachama ambao hata wiki ya shida walileta shilingi zao.

Hapa Tabaka tunakula kwa jiwe. Wanaume wanalichimba shimoni na kulichonga kwa panga na patasi. Likitoka hapo linakuja kwa mama. Tunalilowesha, tunalisugua kwa msasa, ule mkali kwanza na ule laini mwisho, mpaka mkono uteleze. Likikauka tunalipaka rangi, halafu tunachora kwa ncha ya kisu au msumari ulionolewa: twiga, samaki, maua. Ncha inapopita, rangi inatoka na weupe wa jiwe unaonekana. Mwisho ni nta na kitambaa.

Ni kazi ya macho na subira. Mstari ukienda kombo haufutiki. Unarudi kwenye msasa uanze upya. Na sahani ikivunjika mkononi, hakuna malipo.

Sasa nisikilizeni. Zamani wengi wetu tulichora jiwe la mtu mwingine, tukalipwa kwa kipande. Karo ya shule ikifika, unakubali bei yoyote, kwa sababu mnunuzi anajua una shida. Akiba ndiyo iliyobadilisha mambo. Mama mwenye mkopo wa kikundi ananunua jiwe lake mwenyewe, na anaweza kusema, "Bei hiyo hapana, nitangoja." Asiye na kitu hawezi kungoja.

Kwa hivyo, mwaka huu unaokuja naomba mambo matatu.

Kwanza, mkopo usiishie jikoni wote. Sehemu yake iwe ya kununua mawe.

Pili, tusisugue jiwe kavu. Vumbi lile jeupe linaumiza kifua. Kuchota maji ni kazi, ndiyo, lakini kuuguza kifua ni kazi zaidi. Na mwenye mtoto amweke mbali na vumbi.

Tatu, kila mmoja achore alama yake chini ya sahani. Elkana Ong'esa ni mwana wa hapa Tabaka, na sanamu yake iko UNESCO kule Paris, jina lake linajulikana. Maua yetu sisi yamefika Ulaya na Marekani, na hakuna ajuaye ni mkono wa nani.

Najua kuna wanaosema alama itamkasirisha mnunuzi. Basi anza na jiwe ulilonunua kwa mkopo wako. Hilo ni lako, nani atakukataza?

Haba na haba hujaza kibaba. Tulianza na sarafu kwenye kopo, leo tunakopeshana. Tusirudi nyuma.