MGAO HUPATANWA KABLA YA KUINGIA DUARANI

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama mjini Katoro, Mkoa wa Geita, juu ya sheria za mabomba



Nimeombwa niseme juu ya mabomba. Nilipoingia niliwasikia wawili watatu wakinong'ona, "Sisi twachimba dhahabu, bomba la mafuta latuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa jambo mnalolijua ninyi kuliko mimi. Hapa Katoro hakuna mtu mwenye akili anayeshuka duarani kabla ya kupatana mgao. Mwenye shamba atapata viroba vingapi, mwenye duara vingapi, wachimbaji vingapi, na mwenye karasha atalipwa nini, hayo yote husemwa juu, palipo na mwanga na mashahidi. Aliyengoja mpaka mawe yatoke ndipo aulize fungu lake, huyo twamjua. Ataondoka na sururu yake begani.

Basi ndugu zangu, bomba nalo ni duara. Tofauti ni kwamba limelazwa.

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki laanzia Kabaale, Hoima, katika Uganda, na mwisho wake ni Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilometa 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo katika ardhi ya Tanzania. Mkoa wetu umo njiani: limekatiza Chato, Bukombe na Mbogwe, kisha likaelekea Kahama na Nzega. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa huganda kama samli ya alfajiri. Kwa hiyo lazima yatunzwe katika joto la nyuzi 50 au zaidi, na mabomba huvikwa gamba la kuzuia joto lisipotee. Kiwanda cha kazi hiyo kiliwekwa Sojo, Nzega. Mkisikia bomba, msifikiri ni bomba la maji la kijiji.

Sasa tutazame mgao. Katika kampuni ya bomba, TotalEnergies ya Ufaransa ilichukua hisa 62 katika kila mia, shirika la mafuta la Uganda 15, TPDC yetu 15, na CNOOC ya China 8. Nauli ya kupitisha pipa moja ilipatanwa kuwa dola 12.77. Serikali mbili zilitia sahihi mkataba wao tarehe 26 Mei 2017; mkataba wa nchi yetu na wenye mradi ukatiwa sahihi tarehe 20 Mei 2021; na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria maalumu kuupa mkataba ule nguvu. Tarehe 1 Februari 2022 wenye fedha wakatoa uamuzi wa mwisho, kazi ikaenda.

Mimi nauunga mkono mradi huu, na atakayetoka hapa akasema nimeupinga atakuwa amesema uongo. Lakini naona neno moja halijakaa sawa. Tumetunga sheria kwa ajili ya bomba moja, tena kwa shehena moja. Na bomba, ndugu zangu, huishi kuliko shehena yake.

Ushahidi tunao nyumbani. Bomba la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, kilometa zaidi ya 1,700, lilifunguliwa mwaka 1968, wakati Zambia ilipokuwa imebanwa na mlowezi Ian Smith wa Rhodesia. Lilijengwa kwa mafuta ghafi. Mwaka 2023 likageuzwa kupitisha dizeli iliyokwisha kusafishwa. Chuma ni kile kile, njia ni ile ile, lakini biashara ni nyingine kabisa, na mara yakazuka mabishano: nani aruhusiwe kupitisha dizeli yake humo, mmoja au wengi? Hilo ndilo swali ambalo sheria yapaswa kulijibu mapema.

Huko Ulaya wanajiandaa kwa mabomba ya hidrojeni, hewa nyepesi kuliko zote, iwakayo bila moshi wa kaa. Ni hewa yenye ujanja. Hupenya penye upenyo mdogo kabisa, na aina nyingine za chuma huzifanya zivunjike. Ujerumani mwezi Oktoba 2024 iliidhinisha mtandao wa kilometa 9,040, na sehemu kubwa ni mabomba ya zamani ya gesi yatakayogeuzwa. Nao Umoja wa Ulaya, kabla mtandao huo haujajengwa, mwaka 2024 ulitunga sheria ya kumtenga mwenye bomba na muuza hewa, na ya kumlazimu mwenye bomba awapitishe na wengine. Siwasifu kwa kuwa ni Wazungu. Nasema wamefanya kama mnavyofanya ninyi duarani, wamepatana juu kabla ya kushuka.

Na sisi je? Njia iliyokatwa kwa ajili ya mafuta ina upana wa meta 30. Juu yake haijengwi nyumba wala haupandwi mti wa mizizi mirefu. Mwenye shamba alilipwa kwa ajili ya mafuta. Siku mafuta ya Hoima yatakapokwisha, na mtu akataka kupitisha gesi au hidrojeni katika njia ile ile, je, kijiji kitaulizwa tena? Kitapata fungu jipya? Nataka jibu lililoandikwa, wala si la mdomo.

Kwa fidia tayari tuna funzo. Kanuni za ardhi za mwaka 2001 zataka mtu alipwe katika miezi sita, na ikizidi alipwe na riba. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 yasema uthamini ukipita miaka miwili bila malipo hufanywa upya. Hata hivyo njiani humu wapo waliothaminiwa mwaka 2018, na malipo yakaanza mwaka 2021. Miaka yote hiyo mtu hajui apande mihogo au asipande. Sheria zilikuwapo, bali hakukuwa na wa kupiga filimbi.

Tena kuna hatari ya kwetu peke yetu. Dhahabu ikionekana, vijana huhamia mahali kwa usiku mmoja, nanyi mwajua. Ikionekana kando ya bomba, nani atafika kwanza? EWURA, ambayo ndiyo msimamizi wa mabomba kwa sheria ya petroli ya mwaka 2015? Tume ya Madini? NEMC? Au polisi, wakati watu wamekwisha shuka meta 20 chini? Mipaka ya uchimbaji iwekwe na kutangazwa sasa, kwa Kiswahili, kwenye mbao za vijiji, na mchimbaji aonyeshwe mahali pengine pa kuchimba.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba tawi lipeleke kwa Mbunge maswali matatu: la njia ikibadilishwa shehena, la fidia ikichelewa, na la maduara ya kandokando. Wanachama wanaotoka Mbogwe na Bukombe wenye karatasi za uthamini wabaki nyuma kidogo tuzisome pamoja. Nimemaliza, ulizeni.