Mtungi Unapocheza: Densi na Mabadiliko ya Tabianchi

Mazungumzo kwa vikundi vya densi vya vijana, Kaunti ya Kwale



Mama wa Kinango hahitaji kuelezwa ukame ni nini. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2020, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya, Kwale ikiwemo. Mabwawa yalikauka, mifugo ikafa, na safari ya kutafuta maji ikazidi kuwa ndefu. Kisha mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaleta mafuriko. Mama huyo anachokosa ni jukwaa la kuonyesha yaliyompata, na mtu wa kumjibu.

Densi ya kisasa inaweza kumpa jukwaa hilo. Haibanwi na mtindo mmoja: mchezaji huchukua mienendo ya kila siku, kama kuinama, kubeba na kuanguka, akaipanga hadi ikasimulia jambo. Kenya imeizoea tangu miaka ya 1990, kundi la Gàara la Opiyo Okach lilipoanzishwa Nairobi. Wala haikatazi ngoma za nyumbani. Midundo ya sengenya ya Wadigo yaweza kuibeba vizuri.

Chukueni mtungi wa lita 20. Ukijaa maji, uzito wake hufika kilo 20. Mchezaji aubebe na kuuzunguka uwanja mara tano, kila mzunguko mpana kuliko uliotangulia, mzunguko mmoja kwa kila msimu uliokosa mvua. Ngoma isibadilike, mwili ndio ubadilike. Shingo ikaze, hatua zifupike, na mzunguko wa mwisho mtungi urudi mtupu. Mtazamaji asiyejua kusoma ataelewa, na mtaalamu wa takwimu naye ataelewa.

Lakini msimwache mtazamaji kwenye mtungi mtupu. Hofu peke yake hufunga watu mikono. Gazi kuna mfano wa kuchezwa pia: mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda takriban hekta 117 za mikoko. Matope ya mikoko huhifadhi kaboni nyingi, na mradi huo umekuwa ukiuza hati za kaboni tangu miaka ya 2010. Mapato yamesaidia huduma za maji na shule za kijiji. Wachezaji wakishikana mikono kama mizizi ya mkoko, wimbi likija likavunjikia kwao, kijiji kitajiona.

Kabla ya kutunga, kaeni na wenye kisa. Mwulizeni mama anavyojitwisha mtungi, mvuvi anavyovuta wavu mtupu. Kisha waleteni watazame mazoezi na kuwasahihisha.

Baada ya onyesho, tengeni nusu saa ya mazungumzo. Afisa wa maji au wa kilimo awepo ajibu, na maswali yaandikwe yafikishwe kwa kamati ya mabadiliko ya tabianchi ya wadi. Densi haichimbi kisima wala haileti mvua. Watu wakipiga makofi na kwenda zao, kazi imeishia nusu. Wakiondoka wakijua nani atafuatilia ombi lao la maji, na mkutano ujao ni lini, densi imefanya kazi yake.