Pareto na Artemisia: Mimea Miwili, Adui Mmoja



Kila mwaka watu wengi wa Nairobi hufuata Barabara ya Ngong mpaka uwanja wa Jamhuri ili kutazama maonyesho ya kilimo na biashara. Huko mtu wa mjini hukumbuka jembe la baba yake, na mzee wa shamba hutafuta maarifa ya kurudi nayo nyumbani. Swali la mzee huyo ni lile lile siku zote: apande nini kitakachomletea fedha? Mara nyingi hujibiwa kwa kutajiwa mmea fulani, lakini haambiwi mmea wenyewe unataka nini.

Mazungumzo haya yahusu mimea miwili ya maua iliyopata kutajwa sana katika Afrika ya Mashariki. Wa kwanza ni pareto, wenye maua meupe na moyo wa njano. Wa pili ni artemisia, jamaa ya pakanga, ambao maua yake ni madogo mno, hata mpita njia hayaoni. Yote miwili ni ya ukoo mmoja na alizeti, na yote miwili humpiga vita adui mmoja, yaani malaria. Lakini pareto humwua mbu aletaye ugonjwa, na artemisia huua vijidudu vilivyokwisha kuingia katika damu. Mmoja ni bawabu, na mwingine ni tabibu.

Kwanza yafaa kutazama mahitaji ya pareto. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, katika nchi iitwayo leo Kroatia. Ililetwa Kenya miaka ya mwisho ya 1920, na kabla ya Vita Kuu ya Pili kwisha Kenya ilikuwa imeipita Japani, iliyokuwa ikiongoza. Pareto hupenda nchi ya juu yenye baridi, kama Molo, Kinangop, Limuru na milima ya Kisii. Pasipo baridi ya usiku haifanyi vifundo vya maua. Kwa hiyo mtu wa Nairobi yenyewe, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, akiipanda nyuma ya nyumba yake ataona majani mazuri na maua machache. Akipanda gari kwenda Limuru, palipo zaidi ya mita 2,000, ataiona katika hali yake.

Shina moja la pareto laweza kuchumwa kwa miaka mitatu au zaidi. Maua huchumwa kila baada ya majuma mawili au matatu wakati wa msimu, na hapo ndipo kazi ilipo. Sumu ya wadudu haimo katika majani meupe ya ua, bali katika vijimbegu vya ule moyo wa njano. Mchumaji mwenye ujuzi hungoja mpaka safu tatu au nne za vijiua vya katikati zimefunguka. Akichuma mapema, dawa ni kidogo. Akichelewa, dawa hupungua. Tena maua yakirundikwa mabichi katika gunia hupata joto na kuharibika. Inampasa mkulima kuyaanika siku ile ile.

Artemisia ni kinyume cha hayo karibu yote. Huishi msimu mmoja tu. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, kwani gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000, kwa hiyo lazima zioteshwe kwanza katika kitalu na kumwagiliwa kwa uangalifu. Miche huhamishwa shambani na kuachiwa nafasi kubwa, karibu hatua moja kati ya mche na mche, kwa maana huweza kupita urefu wa mtu. Mkulima wa pareto hungoja ua, lakini mkulima wa artemisia huliogopa ua, kwa sababu mali yake ni majani, nayo hukatwa vifundo vya maua vinapoanza kuonekana. Mmea huu huchanua siku zinapokuwa fupi. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na mbegu za kawaida huchanua kabla majani hayajawa mengi. Ndiyo sababu wakulima wa huku walihitaji mbegu za namna maalumu, zinazochelewa kuchanua.

Sasa ni habari ya matumizi. Unga wa pareto ulitumiwa Japani tangu mwisho wa karne ya 19 kutengeneza dawa ya kuchoma ya kufukuza mbu. Sifa yake kubwa ni kwamba humwangusha mdudu upesi, kisha huharibiwa na mwanga wa jua, isibaki katika chakula. Kwa hiyo wakulima wa mboga wasiotaka sumu za viwandani huitafuta sana. Hata hivyo ni sumu kwa nyuki na samaki, na haifai kunyunyizwa mchana nyuki wakiwa kazini, wala kando ya mto.

Artemisia ilijulikana China tangu zamani kuwa dawa ya homa. Mwaka 1972 mtaalamu wa kike, Tu Youyou, pamoja na wenzake, walifaulu kuitenga dawa yenyewe, artemisinini, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani limeshauri dawa hiyo itolewe pamoja na dawa nyingine, wala si peke yake.

Hapa pana hatari ambayo kila mzazi apaswa kuijua. Wako watu wanaochemsha majani ya artemisia na kumpa mtoto mwenye homa chai yake. Dawa hii haiyeyuki vizuri katika maji, tena Tu Youyou mwenyewe alifaulu alipoacha njia ya kuichemsha kwa moto mkali. Hakuna ajuaye kikombe kimoja kina kiasi gani. Mtoto aliyetoka likizo kwa bibi yake karibu na Ziwa Viktoria, akarudi mtaa wa Nairobi akiwa na malaria, aweza kupata nafuu ya siku mbili, kisha akazidiwa usiku. Na vijidudu vilivyoonja dawa kidogo bila kufa hujifunza kuistahimili. Dalili za namna hiyo zimekwisha kuonekana Rwanda na Uganda. Mtoto mwenye homa apelekwe hospitali apimwe damu.

Mwisho ni habari ya soko. Kila mmoja wa mimea hii una mshindani atokaye kiwandani. Mwaka 1973 wataalamu wa Uingereza walitengeneza permethrini kwa kuiga dawa ya pareto, na dawa za jamii hiyo ndizo zilizotiwa katika vyandarua vya mbu. Mwaka 2013 kiwanda kimoja huko Italia kilianza kutengeneza artemisinini kwa msaada wa hamira. Tena bei ya artemisinini ilipanda sana miaka ya 2004 na 2005. Watu wengi wakakimbilia kupanda, na kufika 2007 ilikuwa imeanguka. Wakulima wa pareto nao, walioifanya Kenya kuwa ya kwanza duniani, waliona malipo yakichelewa, na wengi wakang'oa mashina yao.

Basi mzee aliyefika Jamhuri na swali lake asiulize jina la mmea tu. Na aulize mambo manne: shamba lake liko juu kiasi gani, ni ua litakiwalo au ni jani, atakaushia wapi mvua ikinyesha, na nani atanunua, kwa bei gani, na kwa mapatano yaliyoandikwa. Akipata majibu manne, na apande. Akikosa moja, arudi nyumbani akapalilie viazi vyake mpaka alipate. Haraka haraka haina baraka.