Deni la Nyumba na Idi ya Watoto Waliokwisha Kuwa Wakubwa

Mazungumzo haya yakhusu daftari la dukani na sufuria ya pilau, vitu viwili ambavyo katika nyumba nyingi za Waislamu wa Dzaleka na wa Lilongwe vimekuwa havitengani.

Kila mwenye nyumba aijua khabari hii. Linapoingia kumi la mwisho la Ramadhani, baba huenda kwa mwenye duka na daftari hufunguliwa: mchele, mafuta, sukari, kitenge cha sare cha mama na mabinti, viatu, na mapazia mapya, kana kwamba pazia nalo lilifunga mwezi mzima. Idi hupita kwa siku moja. Deni hubaki mpaka Idi ya Kuchinja, na hapo huongezewa la mbuzi. Dzaleka kwa Kichewa maana yake ni "sitarudia tena", jina la tangu zama za gereza lililokuwapo mahali hapo kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1994. Na wako wazee walisemao neno hilo kila Shawwal mbele ya daftari, na mwaka wa pili wakarudia.

Zamani kidogo deni hilo lilikuwa na pa kulipiwa. Mwaka 2015 Idi ya Fitri iliangukia katikati ya Julai, wakati ambapo wakulima wa Madisi na wa wilaya nzima ya Dowa wamekwisha kuvuna, mahindi ni rahisi, na fedha za tumbaku zazunguka sokoni. Lakini mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, na kila mwaka Idi hurudi nyuma. Mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi, na mwaka 2030 yatazamiwa kuwa mwanzoni mwa Februari. Maana yake ni kwamba sikukuu imeingia katika miezi ya njaa, ambapo ghala ni tupu na bei ya mahindi iko juu, na itakaa humo miaka kadhaa. Mgao wa chakula kambini nao umepunguzwa zaidi ya mara moja. Na tangu Mei 2023, serikali ilipowarudisha kambini kwa nguvu wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, wengi waliokuwa na maduka Lilongwe walipoteza biashara zao. Basi atakaye kula Idi ya mwaka 2015 kwa kipato cha leo hana njia ila kukopa.

Wako wasemao kwamba mwenye duka hadhuriki, maana fedha zake zimo daftarini. Hilo si kweli. Novemba 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya kwacha, na dola moja iliyokuwa kwacha 1,180 hivi ikawa kwacha 1,700. Mwenye duka aliyekopesha mafuta mwezi wa Oktoba akalipwa mwezi wa Desemba alipokea kwacha zile zile kwa hesabu, bali hazikuweza tena kumrudishia mafuta yale yale. Wala hana ruhusa ya kudai ziada, kwani hiyo ni riba. Hasara yote ilikuwa yake. Kwa sababu hiyo mwenye uwezo wa kulipa akachelewesha kwa ajili ya sherehe, Mtume (S.A.W.) amekiita kitendo chake dhulma. Tena imepokewa kwamba aliletewa maiti mwenye deni la dinari chache tu lisilo na cha kulilipia, naye hakukubali kumsalia mpaka Abu Qatada alipodhamini kulilipa. Daftari la mchele wa Idi si jambo dogo.

Sasa lije lile la watoto. Desturi ya baba kuwavika na kuwalisha watoto wake siku ya Idi ni desturi njema, na furaha ya mtoto mdogo siku hiyo haifai kuvunjwa. Tatizo ni kwamba watoto hukua, na desturi haikui pamoja nao. Binti ameolewa na ana watoto wawili, na bado baba amkopea gauni. Kijana ana ndevu na karakana yake, na bado angoja kanzu.

Sheria yenyewe haikusimama hivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, Zaka ya Fitri, pishi moja ya chakula cha nchi kwa kila kichwa, karibu kilo mbili na nusu, humwajibikia mtu kwa nafsi yake na kwa wale ambao kuwalisha ni wajibu wake. Mtoto mdogo yumo katika hesabu ya baba. Mtoto aliyebaleghe na mwenye uwezo wa kuchuma hayumo tena; atajitolea mwenyewe. Na wazazi wakiwa mafukara na mtoto ana uwezo, mambo hugeuka: chakula cha baba na mama humwajibikia mtoto, na fitri yao pia. Watu wengi hushangaa wasikiapo haya, ingawa yamo katika vitabu vinavyosomeshwa madrasani.

Chukuliwe mfano wa mzee wa Dzaleka mwenye deni la kwacha 240,000 dukani. Mwanawe wa kwanza ni fundi wa simu sokoni kambini. Binti ameolewa Lilongwe. Wa tatu amehamishiwa Kanada. Na kitinda mimba ana miaka tisa. Mzee huyu, kama wazee wengi, alificha deni lake, maana aona aibu. Siku moja ya Shaabani akawakusanya, na yule wa Kanada akasikiliza kwa simu, akalisoma daftari mbele yao.

Binti akauliza, "Baba, kumbe gauni langu la mwaka jana lilikuwa la mkopo?"

"La mkopo, mwanangu."

"Na mwenye duka hajalipwa mpaka leo? Na mimi nina mume!"

Aibu ikahama kutoka kwa mzee ikaenda kwa watoto, na huko ndiko ilikostahiki kukaa. Wakapatana kwamba kila mmoja wa wale watatu atatoa kwacha 10,000 kwa mwezi, ziende moja kwa moja kwa mwenye duka na ziandikwe. Kwa miezi minane deni limekwisha. Nguo mpya ni ya yule wa miaka tisa peke yake.

Kuhusu chakula ndipo penye uzito, na uzito huo uko kwa mama. Mama aliyewalisha wanawe katika safari ndefu kutoka Kongo au Burundi haoni rahisi kuambiwa kwamba sufuria yake ipunguzwe. Asinyang'anywe mwiko wake. Apike yeye, ila mchele uje na binti na nyama ije na fundi, na kilicholetwa ndicho kitakachopikwa. Wala si lazima wakutane siku ile ile. Binti ana wakwe wa kutembelea; basi asalie Idi Lilongwe, kisha waje wote Jumapili inayofuata, watu wa kazi wakiwa na nafasi. Hakuna aya wala hadithi iwalazimishayo ndugu kula pilau siku ya mwezi mosi.

Fedha za ng'ambo zataka uangalifu. Mtoto akituma fedha akasema ni za sikukuu, baba asizipeleke dukani kimya kimya, wala asizile kwa sherehe na hali deni limwita. Amwombe ruhusa, ujumbe mmoja wa simu watosha.

Ama kuchinja katika Idi Kubwa ni sunna kwa mwenye uwezo, na mwenye deni lililofika wakati wake hulipa deni kwanza. Kukopa kwa wenye katapila ili kununua mbuzi ni kununua sunna kwa haramu. Watu saba huweza kushirikiana ng'ombe mmoja, na ndugu wengi waliooa wakiungana na jirani wawili watatu hutimia.

Limebaki neno la wenye maduka, kwani huuliza mara nyingi. Mwenyezi Mungu ameamrisha mwenye dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini mfanyabiashara hawezi kufuta deni la mtu daftarini akalihesabu kuwa ndiyo zaka yake ya mwaka. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kwamba haisihi. Alilo nalo ni kumpa mdaiwa fukara zaka hiyo mkononi bila sharti lolote, kwani wadaiwa ni miongoni mwa mafungu manane ya wapewao zaka. Mdaiwa akiisha kuipokea ni mali yake, na akitaka kuirudisha pale pale kwenye meza ya duka kuwa malipo ya deni, na ipokewe, mstari wake daftarini ukatwe.